Ndani ya plota kuna kompyuta mbili

Unawasha plota, yaani printa kubwa. Feni zinavuma, kigari kinachobeba vichwa vya wino kinajisogeza kidogo kisha kinatulia, na kwenye skrini asilimia zinapanda hadi mahali fulani zikaganda hapo. Unazima, unawasha, yale yale. Anaitwa fundi, anatazama kwa dakika tano, anatamka: "Bodi imekufa." Bodi mpya ni ghali kiasi kwamba mwenye mashine anaamua kuitupa. Mashine kadhaa zilizohukumiwa hivyo nimezifungua mwenyewe. Mota zilikuwa nzima, vichwa vizima, bodi nzima. Kilichokuwa kimechoka ni diski ya kuhifadhi data (hard disk), ndogo kama ya kompyuta ya mapajani.

Kauli ya "bodi imekufa" haielezi kitu, kwa sababu printa kubwa, ile ya kuchapa mabango, ramani na michoro ya majengo, kwa kawaida haina bodi moja. Ina kompyuta mbili zenye tabia mbili tofauti, zimefungwa katika sanduku moja na kuunganishwa kwa kebo fupi. Moja ni ndugu wa karibu wa kompyuta ya mezani, ina RAM (kumbukumbu ya muda), diski, kadi ya mtandao na betri ya saa, na mtu mwenye bisibisi na subira anaweza kuifanyia mengi. Nyingine imefungamana na vyuma, mota na wino, na makosa yake huunguza vitu ambavyo havirudi. Kabla ya kugusa chochote, jua uko upande upi wa ile kebo.

Kwa nini printa ihitaji kompyuta

Plota za zamani za kalamu hazikuhitaji akili nyingi. Zilipokea amri fupi fupi za lugha iitwayo HP-GL, iliyoanza katika miaka ya 1970: SP1 maana yake chukua kalamu ya kwanza, PU inua kalamu, PD ishushe uende hadi mahali fulani. Kipimo cha lugha hiyo ni milimita 0.025, yaani hatua 40 kwa kila milimita. Mashine ilisoma amri, ikachora, ikaisahau, ikasoma inayofuata. Haikuwa na haja ya kuujua ukurasa mzima, kwa kuwa kalamu ingeweza kurudi popote wakati wowote.

Wino wa kunyunyiza ulibadilisha kila kitu. Kigari kinapita kutoka upande hadi upande kikiacha bendi ya wino yenye upana wa sentimita chache, karatasi inasogea, kigari kinapita tena. Karatasi hairudi nyuma. Sasa fikiria amri ya mwisho kabisa katika faili inasema kona ya kwanza ya ukurasa ifunikwe na kisanduku cheusi. Mashine ikianza kuchapa kabla ya kusoma amri hiyo, imekwisha kukosea. Kwa hiyo ni lazima faili lote lisomwe, ukurasa mzima uchorwe kwanza ndani ya kumbukumbu, ndipo ukatwe bendi kwa bendi.

Ukurasa huo una uzito gani? Karatasi ya A0 ina milimita 841 kwa 1189. Kwa nukta 600 katika kila inchi, hiyo ni nukta 19,866 kwa 28,087, karibu milioni 558. Ukiziweka katika rangi nne, kila nukta ikisema tu "wino" au "hakuna wino", unapata takriban megabaiti 279. Na hapo kazi imekwisha kurahisishwa. Picha hiyo hiyo ikiwa bado katika rangi kamili, baiti tatu kwa kila nukta, inakaribia gigabaiti 1.7.

Hali hii si ngeni katika uchapaji. Mwaka 1985 Apple ilipotoa LaserWriter, printa hiyo ilikuwa na prosesa ya Motorola 68000 ya megahezi 12 na RAM ya megabaiti 1.5, wakati Macintosh zilizoitumia kazi ziliendeshwa na prosesa ya aina hiyo hiyo kwa karibu megahezi 8. Printa ilikuwa kompyuta yenye nguvu kuliko kompyuta. Sababu ni ile ile: ukurasa mmoja wa kawaida, mweusi mtupu, kwa nukta 300 katika inchi, unakula karibu megabaiti nzima. Plota ya A0 inabeba mzigo huo zaidi ya mara 250.

Kazi hiyo ya kusoma faili, iwe ni HP-GL/2 (toleo la baadaye la HP-GL), PostScript au PDF, na kuligeuza kuwa nukta, ndiyo ya kompyuta ya kwanza. Nitaiita kompyuta ya kurasa.

Ile nyingine haiwezi kusubiri

Kompyuta ya pili, niiite ya mitambo, haijui ukurasa ni nini. Inajua bendi moja tu, ile inayochapwa sasa hivi. Lakini inaijua kwa ukali wa ajabu.

Tuseme kigari kinakwenda mita moja kwa sekunde. Kwa nukta 600 katika inchi, nukta moja na jirani yake zinaachana kwa mikromita 42 hivi. Maana yake kila tundu la wino linatakiwa kuwa tayari kutoa au kutotoa tone zaidi ya mara 23,000 kwa sekunde, na matundu hayo ni mamia au maelfu. Hard disk ya kawaida inachukua takriban milisekunde 10 kutafuta data mahali papya. Kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, milisekunde 10 ni sentimita nzima ya karatasi. Kigari kikilazimika kuisubiri diski hata mara moja, utaona pengo jeupe la kidole kizima.

Ndiyo maana kompyuta hizi zikatenganishwa. Ya kurasa inaweza kufikiri kwa sekunde tano au dakika tano, hakuna anayeumia. Ikimaliza, inakabidhi bendi iliyo tayari kwenye kumbukumbu ndogo ya haraka upande wa pili. Bendi ya urefu wa inchi moja kwenye karatasi ya upana wa inchi 36, rangi nne, nukta 600, ni kama megabaiti 6.5 tu. Hiyo inakaa kwenye chipu bila shida.

Kompyuta ya mitambo haitumii saa kuamua tone lidondoke lini. Inatumia mahali. Kando ya njia ya kigari kuna utepe mwembamba wa plastiki wenye mistari midogo sana, na kwenye kigari kuna jicho la mwanga linaloihesabu. Kigari kikipungua mwendo kidogo, matone nayo yanachelewa kidogo, na picha inabaki sawa. Utepe huu ukichafuka kwa ukungu wa wino au mafuta, mashine itasema ina hitilafu ya mota, au ya kigari, au itasimama na namba ya kosa inayotisha. Bodi kadhaa zimenunuliwa bure kwa sababu ya uchafu huo. Futa utepe taratibu kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi, chenye maji safi kidogo, kabla ya kufikiria jambo lolote lingine. Usitumie kimiminika kikali, kwani mistari yenyewe inaweza kufutika.

Kuna mashine ambazo kazi zote mbili zimewekwa kwenye bodi moja kubwa, na bado ukitazama utaona mpaka: upande mmoja prosesa, RAM na soketi ya mtandao, upande mwingine chipu za mota na soketi za kebo bapa. Kuna nyingine hazina kompyuta ya kurasa kabisa. Kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya nje yenye programu maalumu, na mashine inapokea bendi zilizoiva. Ukiwa na mashine ya namna hiyo usitafute pa kuongeza RAM ndani yake. Ongeza kwenye kompyuta inayoitumia kazi.

RAM: inasaidia nini hasa

Watu huongeza RAM wakitarajia mashine ichape kwa kasi zaidi. Haitachapa kwa kasi zaidi. Kasi ya kigari imewekwa na wino, vichwa na ubora uliouchagua. RAM inasaidia pale kompyuta ya kurasa inapopambana na faili zito: ramani yenye mamia ya maelfu ya mistari, bango lenye tabaka zinazoonyesha kilicho chini yake. Dalili za uhaba wake ni ujumbe wa kumbukumbu kujaa, mchoro kukatwa nusu, au mistari fulani kutoweka kimya kimya. Hiyo ya mwisho ndiyo ya hatari, maana mchoro wa jengo uliopoteza mistari unaweza kufika mikononi mwa mjenzi bila mtu kugundua.

Tahadhari ni moja tu, nayo imewaponza wengi. Vipande vya RAM vya kompyuta za mapajani aina ya DDR na DDR2 vyote vina pini 200 na ukubwa unaofanana, lakini DDR inatumia volti 2.5 na DDR2 volti 1.8. Mwanya ulio katikati ya pini umesogezwa kidogo ili visiingiliane. Kikikataa kuingia, hicho si chako, usikilazimishe. Pia bodi za zamani mara nyingi haziwezi kusoma chipu zenye ujazo mkubwa, hata kama aina ni sahihi: kipande cha gigabaiti moja kinaweza kuonekana kama cha robo yake, au kisionekane kabisa. Kile cha zamani kitoe, usome maandishi yake yote, utafute kinachokaribiana nacho kwa idadi na ujazo wa chipu.

Diski, mahali ambapo mashine nyingi zinaokolewa

Hapa ndipo napenda kukaa, kwa sababu hapa ndipo mtu wa kawaida anaweza kurudisha uhai wa mashine nzima.

Diski ndani ya plota ina kazi mbili au tatu. Inapokea kazi zinazosubiri foleni, inasaidia RAM inapojaa, na katika mashine nyingine inabeba mfumo endeshi wote, pamoja na fonti na menyu. Ni diski ya kawaida, yenye muunganisho wa IDE kwa mashine za zamani, SATA kwa zilizofuata. Imezunguka kwa miaka ndani ya sanduku lenye joto, na mara nyingi imezimiwa umeme ghafla ikiwa katikati ya kuandika. Ikichoka, kompyuta ya kurasa inaisubiri, inaisubiri, na asilimia kwenye skrini zinaganda. Kompyuta ya mitambo iko salama kabisa, ndiyo maana feni na kigari vilijisogeza mwanzoni.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, subiri. Toa diski na uiunganishe na kompyuta yenye Linux kwa adapta. Nasisitiza Linux kwa sababu Windows ikikutana na diski isiyoielewa huuliza kama ungependa kuifomati, na kidole kimoja kilichoteleza kinafuta kila kitu. Soma kwanza taarifa za afya za SMART. Sifa namba 5 inaonyesha sekta (vipande vidogo vya diski) zilizokwisha kuhamishwa, namba 197 zile zinazosubiri uamuzi. Namba hiyo ya pili ikiwa juu ya sifuri, diski inakuaga.

Usijaribu kuirekebisha. Inakili. Chombo kizuri kuliko vyote ni programu ya ddrescue, kwa sababu kinachukua kwanza sehemu zilizo nzima na kuacha mbovu kwa baadaye, huku kikiweka ramani ya kilichofanyika:

ddrescue -d -n /dev/sdb plota.img plota.map

kisha

ddrescue -d -r3 /dev/sdb plota.img plota.map

Hakikisha mara mbili kwamba sdb ndiyo diski ya plota kwenye kompyuta yako. Faili la plota.img ndilo roho ya mashine. Liweke mahali pawili.

Sasa unatafuta diski ya kuipokea nakala. Mtego wa kwanza ni ujazo. Diski mpya isiwe ndogo kuliko ya awali hata kwa sekta moja, lakini kubwa mno nayo ina tatizo lake: bodi za zamani za IDE zinahesabu sekta kwa namba za biti 28, na hesabu hiyo inaishia gigabaiti 137. Diski ya 160 au 320 inaweza kuichanganya bodi. Dawa ni kutafuta diski ndogo, au kutumia amri ya hdparm -N kuiagiza diski ijitangaze kuwa na ukubwa ule ule wa ya zamani. Mtego wa pili ni soketi: diski ndogo za IDE zina pini 44, kubwa zina 40 na waya wa umeme wa pembeni. Kadi za CompactFlash huzungumza lugha ile ile ya IDE, kwa hiyo adapta yake ni rahisi na haina umeme mgumu ndani. Nimeona zikifanya kazi vizuri, ingawa kadi za bei nafuu huchoka mapema pale mashine inapoandika sana.

Mtego wa tatu ndio unaovunja moyo watu. Kiwango cha ATA, ambacho diski hizi hukifuata, kinaruhusu diski kufungwa kwa neno la siri la hadi baiti 32, na baadhi ya bodi hulitumia. Bodi inaifungua diski kila inapowaka. Ukiitoa diski hiyo na kuisoma kwingine, kila sekta itarudisha kosa, na ddrescue itakuonyesha diski iliyokufa asilimia 100. Haijakufa. Imefungwa. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa endesha hdparm -I na usome sehemu ya usalama. Ikionyesha imefungwa, kunakili kwa njia hii hakuwezekani, na itabidi utafute utaratibu wa fundi wa mashine hiyo au diski iliyotayarishwa kwa ajili yake.

Vipi kama diski imekufa kweli na hakuna nakala? Washa mashine bila diski na utazame. Ikifika kwenye menyu, au ikatoa ujumbe kamili wenye maneno kwamba diski haipo, basi programu yake kuu inakaa kwenye chipu ya bodi, na kuna matumaini kwamba ukiweka diski tupu itaitayarisha yenyewe. Ikibaki na nembo tupu au skrini nyeusi, yawezekana mfumo ulikuwa kwenye diski, na diski tupu haitasaidia kitu.

Utambulisho wa mashine

Kuna chipu ndogo kwenye bodi, pengine yenye miguu minane tu, ambayo thamani yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Humo mna namba ya mashine, vipimo vya urekebishaji vilivyowekwa kiwandani, hesabu ya mita zilizochapwa, na ulinganifu wa vichwa. Mashine za zamani zaidi zilihifadhi mambo hayo kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri. Mara nyingine betri hiyo ni CR2032 ya volti 3 ambayo kila mtu anaijua, mara nyingine imezikwa ndani ya chipu yenyewe na hubadilishwa pamoja nayo. Betri ikiisha, mashine inaamka bila kujijua.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wengine huweka nakala ya taarifa hizo katika bodi mbili tofauti, ili moja ikibadilishwa, nyingine iikumbushe. Hapa inatoka kanuni ambayo siwezi kuisisitiza vya kutosha: usibadilishe bodi mbili kwa wakati mmoja. Badilisha moja, washa, acha zizungumze, kisha ndipo ufikirie ya pili. Fundi mwenye haraka anayetoa bodi zote mbili kutoka mashine iliyokufa na kuzihamishia kwenye yake anajikuta na mashine inayoamini ni nyingine, yenye vipimo vya vyuma ambavyo si vyake.

Programu yenyewe, ile iliyo ndani ya chipu, kwa kawaida imefungwa na mtengenezaji, na hilo ni suala la zamani. Takriban mwaka 1980 Richard Stallman, akiwa katika maabara ya akili bandia ya MIT, alitaka kuiongezea printa ya Xerox uwezo wa kuwajulisha watu karatasi inapokwama, akanyimwa msimbo wa programu yake. Kisa hicho ni miongoni mwa vilivyomsukuma kutangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983. Inanigusa kwamba ddrescue, chombo kinachookoa diski za printa leo, ni sehemu ya mradi huo huo.

Hata hivyo, kufungwa kwa programu hakukuzuii kuisikiliza. Kwenye bodi nyingi utaona pini tatu au nne zimepangwa mstari bila kitu kilichochomekwa. Mara nyingi hiyo ni njia ya mawasiliano waliyoitumia waundaji. Ukiunganisha adapta ya USB ya volti 3.3, aghalabu kwa kasi ya 115200, utasoma mashine ikisimulia inavyoamka: RAM imepatikana, chipu imesomwa, diski... na pale inaponyamaza, ndipo penye ugonjwa. Pima volti za pini kwanza. Adapta ya RS-232 ya kizamani inaweza kutoa volti kumi na zaidi, nayo inaweza kuua chipu papo hapo. Unganisha waya wa ardhi (GND) na mstari wa bodi wa kutoa data (TX) tu. Kusikiliza hakuhitaji zaidi.

Mpaka wenyewe: kebo bapa

Sasa upande wa pili. Kebo nyeupe bapa zinazokwenda kwenye kigari zinabeba data za vichwa na umeme wao kwa pamoja, nyaya zikiwa zimepishana kwa milimita moja au chini ya hapo. Kebo ikiingizwa mshazari, au tone la wino likitambaa hadi kwenye soketi yake, umeme wa kichwa unaingia kwenye njia ya data. Kwa kupepesa jicho vinaondoka kichwa, fyuzi ndogo ya bodi, na jozi ya transista zinazokiendesha kichwa. Ukibadilisha kichwa tu bila kupima fyuzi na transista, unaunguza kichwa cha pili.

Nilishawahi kupokea mashine ambayo karakana moja ilikuwa imeichomoa kebo hizo ikiwa bado inawaka, "kwa sekunde moja tu". Diski na RAM zilikuwa nzima, na kompyuta ya kurasa iliamka vizuri kabisa. Haikuwa na cha kuamrisha.

Basi upande huu fanya haya: chomoa umeme ukutani na usubiri dakika kadhaa, piga picha ya kila kebo kabla ya kuigusa, ingiza kebo ikiwa imenyooka hadi mwisho, kagua soketi kwa tochi kama ina wino, na vaa mkanda wa mkononi wa kuondoa umemetuamo. Sanduku la umeme lenyewe liache kwa anayelijua. Ndani yake umeme wa volti 230 ukishageuzwa unakaa kwenye kapasita kubwa kwa karibu volti 325, na unaweza kubaki humo baada ya waya kuchomolewa. Unachoweza kufanya bila kulifungua ni kupima volti zinazotoka. Ile ya volti 5 ikishuka mashine inapoanza kazi, utaona dalili za kila ugonjwa uliotajwa hapa: diski inapotea, mtandao unakatika, mashine inajiwasha upya. Kapasita zilizovimba vichwa zinaelezea mengi ya aina hiyo, hasa kwenye bodi za miaka ya mwanzo ya 2000, wakati kapasita mbovu zilipoenea katika vifaa vya kila namna.

Diski ya zamani iende wapi

Isitupwe hivi hivi. Ina michoro ya majengo ya watu, pengine kwa miaka. Mwaka 2010 shirika la habari la CBS la Marekani lilinunua mashine nne za kunakili zilizotumika na kukuta ndani ya diski zake nyaraka za polisi na taarifa za wagonjwa. Kampuni ya bima ya afya iliyokuwa imetumia mojawapo, Affinity Health Plan, ilikubali mwaka 2013 kulipa zaidi ya dola milioni 1.2. Plota haina tofauti. Diski ikiwa bado inaandika, ifute yote kwa sifuri. Ikiwa haiandiki, itoboe kwa keekee.

Jaribio la mwisho

Mashine ikishaamka, usiridhike na ukurasa wa majaribio uliomo ndani yake, kwa kuwa huo haujaribu safari nzima. Kwa mashine inayoelewa HP-GL/2, andika faili la maandishi lenye mstari huu:

IN;SP1;PA;PU1000,1000;PD21000,1000;PD21000,21000;PU;SP0;PG;

Litume moja kwa moja kwenye mlango wa mtandao namba 9100, ambao printa nyingi huutumia kupokea kazi ghafi. Zitatoka pande mbili za mraba, kila moja hatua 20,000, yaani milimita 500 kamili. Chukua rula ya chuma uzipime zote mbili. Ule unaolingana na njia ya kigari ukiwa mfupi au mrefu, rudi kwenye utepe wa mistari. Ule unaofuata mwendo wa karatasi ukikosea, vipimo vya mvuto wa karatasi vimepotea kwenye ile chipu ndogo, na itabidi uendeshe urekebishaji upya kutoka kwenye menyu kabla mtu hajachapa mchoro wa kujengea.